Umoja ambao buloko haikuvunja: maisha ya Mama Marie Mwilu, bibi ya Nabii Simon Kimbangu



Kila tarehe 27 Aprili tunamkumbuka Mama Marie Mwilu Kiawanga. Wamama wanavaa nyeupe na kijani, muziki unapigwa, na mhubiri anatueleza tena namna alivyoshika Kanisa wakati wa mateso. Hayo ni mazuri na tunayapenda. Lakini kuna upande mmoja wa maisha yake ambao tunaupita haraka, nao ndio tunataka kuuangalia leo: Mama Mwilu alikuwa bibi ya mtu. Alikuwa na bwana, alizaa naye watoto watatu, na ndoa yao ilipata jaribu ambalo ndoa chache duniani zimelipata. Hesabu yake ni hii: hawakufikisha miaka kumi wakiishi katika nyumba moja, kisha wakatengwa miaka thelathini. Na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeweza kusema kwamba ndoa ile ilikufa.

Tunaandika haya juu ya hali tunayoiona katika parokia zetu. Bwana anakwenda kuchimba madini, anakaa huko mwaka, miaka miwili, na kule anajenga nyumba nyingine. Mwingine hata hakwenda mbali. Kazi yake iko palepale mjini lakini ana biro ya pili upande mwingine wa mji, na siku ya Mungu anakuja kuketi mbele. Vita vya mashariki vimetupa bibi upande mmoja na bwana upande mwingine. Na tena kuna wale wanaolala kitanda kimoja kila usiku huku kila mmoja akiwa na Mungu wake, mfuko wake na siri zake. Wengi wanatuuliza: umoja wa ndoa ni kitu gani kama watu hawako pamoja? Maisha ya Mama Mwilu yanajibu vizuri kuliko sisi.

Tuanze pale mwanzo. Papa Simon Kimbangu na Mama Mwilu walikuwa watu wa Nkamba, kijiji juu ya kilima katika nchi ya Wakongo, chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Walikuwa watu wa misioni ya Wabatisti wa Uingereza, iliyokuwa na kituo chake Ngombe-Lutete. Tarehe 4 Julai 1915 walibatizwa wote wawili, siku moja. Mtoto wao wa kwanza, Papa Charles Kisolokele, alikuwa amezaliwa tarehe 12 Februari 1914. Papa Salomon Dialungana akafuata tarehe 25 Mei 1916, na Papa Joseph Diangienda tarehe 22 Machi 1918.

Ubatizo ule wa siku moja ni jambo kubwa, ingawa katika vitabu unaandikwa kwa mstari mmoja. Katika nyumba nyingi za wakati ule bwana aliingia misioni peke yake, akasoma, akavaa nguo nyeupe, na bibi akabaki na dawa za ukoo na woga wa wachawi. Au bibi alianza na bwana akamcheka. Hawa wawili walishuka majini pamoja. Basi siku Mungu alipomwita mmoja, hakumkuta mwenzake akiwa mgeni kwa sauti ile.

Mwito ulifika mara ya kwanza mwaka 1918, mwaka wa ile homa kubwa iliyoua watu dunia nzima. Papa Simon Kimbangu hakukubali mara moja. Alijiona mtu mdogo, akaona kazi ile inapashwa kupewa wasomi na wachungaji wa misioni. Akaenda Kinshasa kutafuta kazi, akafika katika kampuni ya mafuta ya mawese, akafanya kazi bila kulipwa mshahara wake. Mwishowe akarudi Nkamba mikono mitupu. Tunaomba mfikiri kidogo juu ya wakati huo. Mama Mwilu yuko kijijini na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Bwana amekwenda mjini, anarudi bila kitu, na bado ana mzigo wa sauti inayomwita. Wamama wanaosoma mstari huu wanajua maneno ambayo bibi anaweza kusema siku kama hiyo. Bibi ya Ayubu aliyasema. Juu ya Mama Mwilu, Kanisa halikupokea habari hata moja ya namna hiyo. Mtu yule alipata nyumba ya kurudia.

Kisha ikafika tarehe 6 Aprili 1921. Katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, Papa Simon Kimbangu aliweka mikono juu ya Mama Kiantondo aliyekuwa mgonjwa sana, akamwombea kwa jina la Yesu, naye akapona. Tangu mwaka 2023 taifa letu lote linaiadhimisha siku hiyo kama siku ya mapumziko. Lakini mwaka ule wa 1921 ilikuwa habari iliyotembea kwa miguu, kijiji kwa kijiji, na katika majuma machache maelfu ya watu walikuwa wanapanda kilima cha Nkamba. Wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu, wagonjwa waliondoka hospitalini, treni ya Matadi ilijaa. Wote hao walifika wapi? Walifika kwenye nyumba ya Papa na Mama. Kwa muda wa miezi miwili nyumba yao haikuwa tena yao. Yeyote aliyepata kupokea wageni wa kongamano moja la siku tatu anajua uzito wa jambo hilo.

Na Nabii alifundisha nini? Waamini wanajua: kuacha minkisi, kuacha ngoma na michezo ya uchafu, na kuacha ndoa ya bibi wengi. Hilo la tatu lilikuwa gumu sana. Mtu mkubwa wa kijiji alihesabiwa kwa nyumba zake, na bibi wengi walikuwa mashamba mengi, watoto wengi, heshima nyingi. Kusimama juu ya kilima na kusema kwamba mwanaume ana bibi mmoja ilikuwa kugusa mfuko na heshima ya wakubwa. Nabii aliweza kulisema kwa sababu waliokuja Nkamba waliona kwa macho yao. Mama Mwilu alikuwa pale. Hakukuwa na mwingine. Umati wa namna ile, na sifa ya namna ile, zimewaangusha watumishi wengi wa Mungu, na katika miji yetu tunawaona kila mwaka: kanisa likikua, bibi wa kwanza anasukumwa nyuma. Katika nyumba ya Nkamba haikuwa hivyo. Mahubiri na nyumba vilikuwa kitu kimoja, na tunaamini mahubiri yalipata nguvu kutoka katika nyumba.

Tarehe 6 Juni 1921 msimamizi Morel alifika Nkamba na askari. Papa Simon Kimbangu akatoka mikononi mwao, lakini askari walipora kijiji. Kwa miezi mitatu Nabii alihubiri kwa siri katika vijiji vingine. Kisha tarehe 12 Septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe, akajitoa kwa wakoloni bila kupigana na bila kuruhusu wafuasi wake kupigana. Akafungwa, akapelekwa Thysville, mji ambao leo ni Mbanza-Ngungu. Baraza la vita likiongozwa na kamanda De Rossi lilimhukumu tarehe 3 Oktoba 1921: fimbo 120, kisha kuuawa. Wamisionari wa Kiprotestanti waliomba huruma, na mfalme Albert wa Ubelgiji akageuza hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Nabii akasafirishwa hadi Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mbali na Nkamba zaidi ya kilometa 1,500 hata kama mtu angepaa kama ndege.

Siku ile Kisolokele alikuwa na miaka saba, Dialungana mitano, Diangienda mitatu.

Hapa tunaomba tusimame. Katika hukumu ile jina la Mama Mwilu halikusomwa. Lakini baraza lilimhukumu naye. Lilimwacha bila bwana, naye si mjane. Mjane anajua hesabu yake: analia, anamaliza matanga, ukoo unakaa na kuangalia mambo yake. Bibi ya mfungwa wa maisha hana siku ya kumaliza matanga. Kwa desturi za watu hakuna ambaye angemlaumu sana kama angechukua njia nyingine baada ya mwaka mitano au kumi. Na wakoloni wangefurahi, maana hakuna kitu ambacho kingemaliza jina la Nabii haraka kuliko habari kwamba hata bibi yake amemwacha. Yeye alibaki Nkamba. Alibaki chini ya macho ya serikali, katika kijiji kilichokatazwa, akiwa na jina lililokatazwa.

Watoto nao walitawanywa. Kisolokele alichukuliwa, akapelekwa katika shule ya serikali kule Boma, mbali na mama yake, na baadaye Diangienda naye alipitia shule ileile. Serikali ilitaka kuwalea watoto wa Nabii kwa namna yake, wamsahau baba. Dialungana peke yake ndiye aliyekua karibu na mama Nkamba. Kwa hiyo jamaa moja ilikuwa sehemu tatu: baba katika buloko ya Katanga, wana katika shule ya Boma, mama na mtoto mmoja juu ya kilima.

Sasa, umoja ulikuwa wapi? Ulikuwa katika kazi. Tangu mwaka 1921 Mama Mwilu alishika kazi ya bwana wake pale bwana wake alipoiacha. Waamini walikuja kwake kwa siri, wengi usiku. Waliomba naye, walipokea mashauri, walichukua maji ya Nkamba, wakarudi kabla ya mapambazuko. Hakuanzisha mafundisho yake mwenyewe. Na tunajua historia: mahali pengi ambapo nabii alifungwa au kufa, manabii wengine kumi walitokea, kila mmoja na ufunuo wake, na katika nchi ya Wakongo walitokea hivyo pia miaka ileile. Nkamba ilibaki na mti uleule kwa sababu mtu aliyekuwa karibu kabisa na Nabii hakuongeza wala kupunguza. Kuacha minkisi, bibi mmoja na bwana mmoja, kutolipa ubaya kwa ubaya: alilinda mambo hayo miaka thelathini na nane. Kama mtu anauliza kwa nini leo tunaitwa Kanisa moja la Kikimbangu, jibu kubwa liko katika bibi mmoja aliyekubali kubeba neno la bwana wake bila kuligeuza kuwa lake.

Na upande wa Lubumbashi, bwana alibeba mzigo wake. Angeweza kukana. Mfungwa anayekana mambo yake mara nyingi anapata mlango kufunguliwa, na kule nyumbani alikuwa na bibi na watoto watatu wadogo. Tuseme ukweli, hilo ni jaribu lililo kali kuliko fimbo 120. Mtu anaweza kusema kwamba alipenda kazi kuliko bibi yake. Sisi hatusemi hivyo. Kama angekana na kurudi, angerudi kwa mwanamke ambaye alikuwa anahatarisha maisha yake kila usiku kwa neno ambalo yeye amelikana. Hapo ndipo wangetengana kweli, wakiwa chini ya paa moja. Kila mmoja kwa kusimama mahali pake alimlinda mwenzake.

Hawakuwa peke yao. Kati ya mwaka 1921 na 1959 waamini wengi walihamishwa kwa nguvu kutoka nchi ya Bas-Congo. Hesabu ya Kanisa letu ni jamaa 37,000. Walitupwa Oshwe, Ekafera, Lowa kando ya mto Lualaba, na mahali pengine pengi. Ndiyo njia ambayo neno lilifika kwetu tunaosema Kiswahili: serikali ilifikiri inatupa magugu, kumbe inapanda mbegu. Na kati ya waliohamishwa kulikuwa na wamama waliopata kuchagua njia ileile ya Mama Mwilu, kumfuata bwana uhamishoni au kubaki na kushika jamaa.

Lakini tunapenda kuongeza neno, maana tunasikia mfano huu ukitumiwa vibaya. Kuna wapapa wanaompiga bibi nyumbani, na bibi akilia kwa wazee wa parokia, anaambiwa amwangalie Mama Mwilu aliyevumilia miaka thelathini. Huo ni uongo juu ya Mama Mwilu. Mateso yake yalitoka kwa serikali ya wakoloni, hayakutoka mkononi mwa bwana wake. Papa Simon Kimbangu hakumpa mwenzake mateso ya kuvumilia. Alimpa kazi ya kushika pamoja. Vilevile yule anayekwenda kuchimba madini na kusahau kutuma hata unga, asijilinganishe na mfungwa wa Lubumbashi. Mmoja alizuiwa na ukuta, mwingine amezuiwa na moyo wake. Wazee wanaoamua mambo ya ndoa wanapashwa kuona tofauti hiyo kabla ya kumwambia mama arudi nyumbani.

Tarehe 12 Oktoba 1951, Papa Simon Kimbangu alikufa Lubumbashi, bado mfungwa, baada ya miaka thelathini. Alizikwa hukohuko, mbali na kilima chake. Sasa Mama Mwilu alikuwa mjane kweli. Wengine wangesema kazi yake imekwisha: amesubiri, na aliyesubiriwa hatarudi. Lakini ni katika miaka ile iliyofuata ndipo tunda lilianza kuonekana. Wana watatu waliolelewa mahali mbalimbali, wawili kati yao katika shule iliyokusudiwa kuwasahaulisha baba yao, walirudi kwenye kazi ileile. Papa Diangienda, aliyekuwa karani wa serikali, akaanza kukusanya waamini huko Kinshasa na kupanga Kanisa. Papa Dialungana alikuwa Nkamba. Papa Kisolokele, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya mwaka 1960, alisimama nao. Mwaka 1957 viongozi walimwandikia Gavana Mkuu Pétillon kumweleza kwamba kama kuomba ni kosa, basi awafunge wote pamoja. Serikali ikaanza kulegeza mkono.

Watoto wanajua kama baba na mama ni kitu kimoja. Hata bila kufundishwa wanajua. Mtoto aliyechukuliwa na miaka saba kutoka kwa mama yake, akalelewa na wageni, angeweza kurudi na moyo wa chuki juu ya baba ambaye kazi yake iliwaharibia utoto. Sisi tunadhani kwamba kama kule Nkamba wangekuta mama anayelalamika juu ya baba yao, hadithi ingekwisha hapo. Wamama wenye watoto wa bwana aliye mbali, mnajua nguvu ya maneno mnayosema juu yake wakati wa kula jioni.

Mama Marie Mwilu aliaga dunia Nkamba tarehe 27 Aprili 1959. Alikufa kama Musa, mbele ya mlango. Miezi minane baadaye, tarehe 24 Desemba 1959, serikali ya Wabelgiji ilitambua Kanisa rasmi, na watu walioomba usiku miaka thelathini na minane wakaimba mchana. Wamama walipata nafasi kubwa katika Kanisa hilo, tangu wanakwaya hadi mashemasi na wachungaji, na hakuna aliyeshangaa, kwa maana wote walikuwa wameongozwa na mama.

Lilibaki jambo moja. Nabii alikuwa bado amelala katika udongo wa Katanga. Kanisa likaomba, ruhusa ikatolewa, na mabaki yake yakachukuliwa kutoka Lubumbashi, yakasafiri njia ndefu ya kurudi nyumbani. Waamini walimpokea njiani kwa nyimbo. Alifika Nkamba tarehe 3 Aprili 1960, siku 24 kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu bibi yake aage dunia huko. Tangu wakamkamate Septemba 1921 ilikuwa imepita miaka 38 na zaidi ya miezi sita, na sasa bwana na bibi walikuwa tena juu ya kilima kimoja.